Tangi moja, robine mbili na bustani za dembo: nani achote kwanza?

Swali

"Mtaalamu, jambo. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kartie yetu, huku komine Annexe, Lubumbashi. Tuna foraje moja (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) yenye pampu ya paneli za jua, tangi la lita 10,000 na robine mbili, yaani bomba za kuchotea. Nyumba zinazochota ni karibu 110. Chini yetu kuna dembo, bonde lenye majimaji, na humo mama wanalima lenga-lenga (mchicha), matembele na kabichi za Kichina, matuta kama 80. Visima vyao vya kuchimbwa kwa mkono vinakauka kuanzia Septemba, ndiyo maana mwaka jana walivuta bomba kutoka kwenye tangi letu. Watu wakawa wanapanga mstari hadi usiku, wengine wanarudi na bidoni (madumu) tupu. Mwishowe vijana walilikata lile bomba, na nusura watu wapigane. Kamati sasa inataka kupiga bustani marufuku. Lakini nusu ya mama hao wanatoka katika nyumba zilezile zinazolalamika. Tena Jumapili, wakati watu wako kanisani, tangi linafurika hata kabla ya saa sita mchana na maji yanakimbilia mtaroni. Tufanye nini? Na zile nchi za jangwa, ambazo mvua yao haifikii hata robo ya yetu, zinaishije?"

Jibu

Mama katibu, jambo sana. Katika barua yako kilichonishika zaidi ni hiyo habari ya Jumapili, uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba ni jambo dogo. Tangi linalofurika watu wakiwa kanisani linaonyesha kwamba huenda shida yenu si maji peke yake. Kabla kamati haijamfukuza mtu, ijue kwanza kinachopungua ni nini: maji yaliyo ardhini, nguvu ya pampu, ukubwa wa tangi, au mdomo wa robine. Kila moja kati ya hayo lina dawa yake, na kufunga bustani hakutibu yote.

Tuhesabu kwa namba zako. Tuseme Jumapili alfajiri tangi liko karibu tupu, pampu inashika kazi saa mbili asubuhi, na kufikia saa sita lita 10,000 zimejaa. Hiyo ni kama lita 2,500 kwa saa. Wakati wa kiangazi anga letu ni jeupe, kwa hiyo kupata saa sita za jua zuri kwa siku si jambo la kubahatisha. Pampu yenu basi ina uwezo wa kutoa kiasi cha lita 15,000 kwa siku. Nyumba 110, tukiweka watu 6 kwa kila nyumba, ni watu 660. Shirika la Afya Duniani linachukua lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupika na usafi wa lazima. Anayetaka kuoga na kufua bila kujibana anahitaji 50 na zaidi. Kwa hizo lita 20 tu, kartie yenu inahitaji lita 13,200, yaani bidoni 660 za lita 20.

Sasa bustani. Tuta la mita 10 kwa mita 1.2 lina eneo la mita 12 za mraba. Mboga za majani katika jua la Septemba zinakunywa kadiri ya lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo tuta moja linataka lita 60, bidoni tatu. Matuta 80 ni lita 4,800, bidoni 240. Ukijumlisha na nyumba unapata lita 18,000, na pampu inatoa 15,000. Mna upungufu wa lita 3,000. Ni upungufu wa kweli, nisikudanganye, ila si wa kuua bustani 80. Ukiwapa watu haki yao yote, kwenye tangi zinabaki lita 1,800 kila siku, zinazotosha matuta 30. Ya kujadili ni hayo 50 mengine, na nitayarudia.

Ila tazama robine zenu. Robine ya kawaida, pamoja na muda wa kuondoa bidoni iliyojaa na kuweka tupu, inakula kama dakika mbili na nusu kwa bidoni. Hiyo ni bidoni 24 kwa saa, na robine mbili ni 48. Gawanya 660 kwa 48: karibu saa 14. Mama katibu, hata bustani zote zikifa kesho, mtu wa mwisho bado atachota gizani! Mstari mnaougombania, sehemu kubwa inatokana na robine mbili zilizowekwa kuhudumia watu 660. Siku ambazo bomba la bustani lilikuwa wazi, presha ilishuka, robine zikatoa uzi mwembamba, na mtu aliyesimama kwenye mstari akaona kwa macho yake kwamba mama wa lenga-lenga ndiye mwizi wake. Hasira yake ninaielewa. Lakini Jumapili maji yaleyale yanamwagika mtaroni kwa sababu hayana mahali pa kutokea wala pa kulala.

Kwa hiyo fedha ya kwanza mtakayopata, iwe ya ada, ya mchango au ya mfadhili, iwekeni kwenye robine nne za ziada na bomba pana zaidi kutoka tangini. Robine sita zinamaliza bidoni 660 kwa chini ya saa tano, maji yakiwepo. Ninalisisitiza hili kwa sababu ninajua ni nani wanaosimama kwenye ile mistari. Ni wasichana wa miaka 10 au 12, wanaoingia darasani wakati wenzao wameshaandika nusu ya somo.

Namba hizi zote mzipime wenyewe, msizichukue kwa sababu nimeziandika. Kazi yake ni nyepesi. Chukueni bidoni ya lita 20 na simu yenye saa. Saa sita mchana, jua likiwa kali, jazeni bidoni ile kwenye bomba linaloingia tangini, mkihesabu sekunde. Kama pampu inatoa lita 2,500 kwa saa, bidoni itajaa kwa sekunde 29 hivi. Fanyeni Mei, fanyeni Julai, fanyeni tena mwisho wa Septemba, mwandike kwenye daftari la kamati. Ikiwa Septemba mnapata sekunde 45, pampu imeshuka hadi lita 1,600 kwa saa, na hapo mjue foraje yenyewe inachoka, au paneli zimejaa vumbi. Futeni paneli kwanza. Vumbi letu jekundu la kiangazi linapunguza umeme, na wengi hawaligundui mpaka mvua ya kwanza iwasafishie.

Kwa visima vya mama kule dembo, chukueni kamba yenye jiwe na fundo kila nusu mita. Pimeni jioni, wakishamaliza kumwagilia, na alfajiri kabla ya mtu yeyote kuteka. Kisima chenye mdomo wa mita 1.2 kinabeba kama lita 1,130 katika kila mita ya kina. Maji yakipanda sentimita 60 usiku kucha, kisima hicho kimezaa lita 680 hivi, maji ya matuta 11. Hayo ndiyo mapato yake halisi ya siku. Anayeteka zaidi ya hapo anakula mtaji, na ndiyo sababu Septemba inamkuta kisima kina tope tu. Jaribuni pia kuzima pampu ya foraje siku moja (siku ambayo tangi limejaa, watu wasiumie) mwone kama visima vya dembo vinapanda zaidi ya kawaida. Vikipanda, basi foraje na visima vinakunywa kwenye chungu kimoja, na kumwambia mama "chimba chako kiende chini zaidi" hakutasaidia, atakuwa anachota maji yenu kwa mlango mwingine.

Lubumbashi si nchi kame. Tunapata kiasi cha milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, ila karibu zote zinashuka kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba karibu hatupati kitu. Maji ya ardhini yanateremka polepole miezi yote hiyo, na yanafika chini kabisa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Bahati mbaya Oktoba ndio mwezi wetu wa joto kali. Tuta lililoridhika na lita 4 kwa mita ya mraba katika baridi ya Julai, Oktoba linadai 6. Kiu ya mboga inapanda wakati uleule kisima kinashuka, na ugomvi wenu umekaa hapohapo, katika wiki hizo sita au nane. Sheria ya kugawana maji inayofanana mwaka mzima haiwezi kuwafaa. Mnahitaji sheria ya Septemba na Oktoba.

Sasa niingie jangwani, maana umeuliza. Duniani kote kilimo ndicho kinachochukua sehemu kubwa, kama asilimia 70 ya maji yote yanayovutwa mitoni na ardhini. Katika nchi kavu swali lenu wameliuliza kwa karne nyingi, na majibu yao hayafanani. Nitakupa matatu, la tatu likiwa la kuogopa.

Oman ina mifereji inayoitwa aflaj, maelfu kadhaa, inayoleta maji kutoka chini ya milima hadi vijijini kwa mteremko tu, bila pampu. Mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ninaipenda mifereji hii kwa jambo moja: haki imejengwa ndani ya mfereji wenyewe. Maji yanapoibuka kijijini, mahali pa kwanza yanapofika ni pa kuchota ya kunywa. Baadaye yanapita msikitini na kwenye sehemu za kuoga na kufua, ndipo yaingie mashambani. Mkulima hawezi kumwibia mama anayechota, kwa sababu yuko chini yake. Na huko mashambani hawagawani kwa ndoo bali kwa muda, kila mmoja na zamu yake, zamani wakiipima kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Ukame ukija, mitende, ambayo inachukua miaka kukua, inaendelea kupata maji. Mashamba ya mazao ya msimu ndiyo yanayoachwa bila kulimwa. Kila mtu anajua mapema ni shamba lipi litakaloachwa.

Yordani wamekwenda njia nyingine. Sehemu kubwa ya nchi ile haipati hata milimita 200 kwa mwaka. Katika mitaa mingi ya Amman maji ya bomba yanafika mara moja kwa wiki, na kila nyumba ina matangi juu ya dari. Mji unakunywa kwanza. Maji machafu ya Amman na Zarqa yanakwenda kwenye mtambo wa Khirbet As-Samra, yanasafishwa, yanateremka na mto Zarqa hadi bwawa la King Talal, kisha yanamwagilia mashamba ya bonde la Yordani. Mkulima anapata maji ya pili, ambayo mji umeshayatumia, lakini anayapata kwa uhakika, maana mji hauachi kuoga.

Yemen ndiyo ya kuogopa. Tangu miaka ya 1970 watu wa bonde la Sana'a walianza kuchimba visima virefu vya pampu, kila mwenye fedha akichimba chake, wengi wakimwagilia miraa. Hakukuwa na aliyetangulia wala aliyefuata, ila mwenye pampu yenye nguvu. Kina cha maji kikashuka mwaka baada ya mwaka, visima vya wanyonge vikakauka kwanza, na kilimo kikaendelea kuchukua karibu asilimia 90 ya maji ya nchi huku familia mjini zikinunua maji ya malori. Mkiacha kila mtu avute bomba lake kutoka tangini, mwisho wa mambo ni kama huo, hata kama tangi lenu ni dogo.

Ninachokushauri kimechukuliwa kwa Waomani: wekeni kipaumbele ndani ya bomba, msikiweke mdomoni mwa mlinzi. Sheria inayotegemea mtu kusimama pale na kusema "wewe ngoja" itavunjwa siku ya kwanza mlinzi atakapokuwa shemeji wa mtu.

Tangi lenu lina bomba la kutokea chini. Hilo libaki la nyumba peke yake. Bomba la bustani litobolewe juu, kwenye theluthi mbili za urefu wa tangi. Kwa mpangilio huo, bustani zinaweza kupata lita 3,300 za juu tu. Maji yakishuka chini ya tundu lile, bomba la bustani linakauka lenyewe, bila kelele, bila kijana mwenye panga. Robine zifungwe saa kumi na mbili jioni, na tangi lilale na zile lita 6,600. Hizo ni bidoni 330 zinazowangoja watu alfajiri, nusu ya mahitaji ya siku, kabla paneli hazijaona jua. Watu wanamaliza kuchota ya kwanza mapema, pampu inashika, tangi linapanda tena, na kinachozidi mchana kinakwenda dembo badala ya mtaroni. Fundi wa mabomba anamaliza kazi hii kwa siku moja.

Tatizo ni kwamba ziada hiyo inatoka mchana, na kumwagilia saa saba mchana ni kulisha jua. Hapo mama wanahitaji tangi lao la pili, karibu na matuta. Wapare wa Tanzania wana vidimbwi wanavyoviita ndiva, vinavyokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe kwenda mashambani asubuhi. Nyinyi mgeuze saa: mkusanye mchana, mmwagilie jioni. Shimo la mita 3 kwa 2, kina cha sentimita 60, lililotandikwa turubai nene la plastiki au kupigwa saruji, linabeba lita 3,600. Wekeni uzio wa miti, watoto wasitumbukie. Na litumiwe lote kila jioni, hivyo mbu hawapati muda wa kukuza viluwiluwi vyao humo.

Turudi kwa yale matuta 50. Sioni sababu ya kuyapoteza yote. Sehemu yake itaishi kwa visima vya dembo, mkiviteka kwa kipimo cha kamba kama nilivyoeleza. Sehemu nyingine inaokolewa na jembe. Mama wengi wanalima kiangazi kwa matuta yaliyoinuka, kama ya wakati wa mvua. Tuta lililoinuka ni zuri Januari, maana linakimbiza maji yasiozeshe mizizi. Julai linakausha udongo pande zote. Kiangazi tuta lizamishwe: chimba, teremsha udongo kiasi cha kiganja chini ya njia, acha kingo, ili kila tone libaki palipo na mzizi. Kisha funika kwa nyasi kavu zilizokatwa kabla hazijachomwa moto. Huku kwetu tunachoma nyasi zote kuanzia Juni, halafu Septemba tunatafuta kitu cha kufunikia udongo hatukipati! Tuta lililozama na kufunikwa linaweza kukaa siku mbili pale ambapo tuta tupu linalilia maji kila jioni.

Jingine ni kalenda. Lenga-lenga inavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Mama akipanga vizuri, anapanda matuta yote Mei, Juni na Julai, wakati kuna baridi na maji yapo, na mwisho wa Agosti anaanza kupunguza. Septemba na Oktoba anabaki na machache: vitalu, mbegu, na mboga zinazolipa sana sokoni. Kwenye masoko ya Kenya na Katuba, komine za hapa Lubumbashi, bei ya mboga inapanda Oktoba, kwa hiyo matuta machache hayamaanishi njaa. Lakini lazima ajue Mei kwamba Oktoba atakuwa na matuta machache. Ukimpunguzia maji Septemba, lenga-lenga ikiwa imeshatoka ardhini, umemwibia mbegu, mbolea na mgongo wake.

Utasikia mtu kwenye kikao akisema: bustani ziteke mtoni, tangi liachwe kwa watu. Muwe waangalifu sana. Mji wetu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na mito yake mingi, Kafubu na Naviundu ikiwemo, imebeba mabaki ya viwanda na machimbo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mboga za bustani za mji huu na kukuta metali nzito kama shaba, kobalti, kadimi na risasi katika majani yaliyokua kwenye udongo na maji machafu. Mboga za majani zinafyonza metali hizo kirahisi, na ukizichemsha haziondoki. Kama mto wenu unapita karibu na kiwanda au chimbo, afadhali matuta 30 yenye maji safi ya foraje kuliko 80 yenye maji hayo, kwa kuwa mboga hizo zinarudi kwenye sahani za watoto walewale mnaotaka kuwalinda.

Maji ya pili ya kuaminika mnayo pale pale kwenye robine. Chini ya kila robine yanamwagika maji kila bidoni inapojaa, yanatengeneza tope na nzi. Jengeni sakafu ya saruji yenye mteremko na mfereji mdogo, yaelekee kwenye migomba au miwa. Maji ya kufulia nguo nayo yanafaa kwa migomba, yakimwagwa kwenye udongo na si juu ya majani, na msirudie shina lilelile kila siku kwa sababu ya sabuni. Maji ya choo, hapana kabisa. Kipindupindu kinatujua kwa jina katika mji huu. Na hakikisheni hakuna choo cha shimo ndani ya mita 30 za foraje au kisima, hasa upande wa juu.

Mwaka mbaya utakuja, ambao hata mpangilio huu hautatosha. Andikeni sasa, Mei, wakati hakuna mwenye hasira, nini kitatokea. Mfano: bidoni ya kipimo ikijaa kwa sekunde 29 hadi 35, bustani zinapata ziada yote. Ikivuka 35, kila mama anabaki na nusu ya matuta yake. Ikivuka 50, bomba la bustani linafungwa, vinabaki vitalu tu. Namba mtachagua wenyewe baada ya kupima. Muhimu ni kwamba wote wapungue kwa kiasi kilekile. Nimeona kamati zikiwaondoa "waliokuja mwisho", na waliokuja mwisho karibu kila mara ni wajane na wakimbizi wa ndani, watu wasio na mtu kwenye kamati. Kipimo kifanywe mbele ya watu, mama mmoja wa bustani na mtu mmoja wa nyumba wakishika bidoni pamoja.

Malalamiko yasikilizwe haraka na hadharani. Huko Valencia, Uhispania, wakulima wana mahakama yao ya maji inayokaa kila Alhamisi saa sita mchana mbele ya mlango wa kanisa kuu. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao, kesi inasemwa kwa mdomo, na hukumu inatolewa papo hapo. Haihitaji wakili. Nyinyi mna shefu wa kartie na mti wa kukalia chini yake. Chagueni siku moja ya wiki, mwiheshimu.

Kuhusu malipo, mama walipe kwa kila tangi la dembo linalojazwa, kiasi kidogo kinachoandikwa daftarini. Mbali na fedha ya spea za pampu, daftari hilo litawaonyesha mwisho wa mwaka bustani zilichukua lita ngapi hasa, na makisio ya kila mtu yatanyamaza. Nyumba zilipe kwa mwezi, na zile zisizoweza zijulikane na zisamehewe. Kifungu cha 48 cha Katiba yetu ya 2006 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na sheria ya maji namba 15/026 ya 31 Desemba 2015 imetungwa kwa nchi nzima. Kamati haina ruhusa ya kumnyima mtu maji ya kunywa kwa kuwa hana faranga. Maji ya kumwagilia ni jambo la mapatano, na hapo mna uhuru.

Swali lako la marufuku nimelijibu, nadhani: msipige. Mnao mama ambao mboga zao ndizo zinazoliwa kwenye nyumba 110 hizo, na ada zao zinaweza kulipia robine. Waiteni wawili au watatu waingie kwenye kamati kabla ya kikao kijacho, si baada yake. Lile bomba lililokatwa msilirudishe pale lilipokuwa, hata kama mtu atajitolea kulifunga leo bure. Kwanza pimeni kwa bidoni na kamba, wiki mbili zinatosha kuanza. Halafu robine. Halafu tundu la juu la tangi na shimo la dembo, kwa pamoja, kwa kuwa moja bila jingine halina kazi. Vijana waliolikata waombeni mikono yao kuchimba lile shimo. Mita 3 kwa 2 kwa sentimita 60 ni kazi ya asubuhi moja, na udongo wake utumike kuinua kingo za matuta.